Funguo za Gari na Daftari la Mahudhurio

Katika jimbo la Kentucky, Marekani, kijana haombi leseni ya kujifunzia udereva mpaka shule yake imjazie fomu moja fupi. Fomu hiyo haiulizi kama anazijua alama za barabarani. Inauliza kama anahudhuria masomo na kama anafaulu. Na akishaipata leseni, shule inaendelea kumwangalia. Mwanafunzi wa miaka 16 au 17 akikosa shule siku 9 au zaidi katika muhula mmoja bila ruhusa, sheria inamhesabu kuwa ameacha shule. Asipofaulu angalau masomo 4 katika muhula, anahesabiwa kuwa amepungukiwa kimasomo. Kwa lolote kati ya hayo mawili, jina lake linapelekwa kwa msimamizi wa wilaya ya shule, kutoka huko linakwenda Idara ya Uchukuzi ya jimbo, na leseni inafutwa. Ataiomba tena akimaliza muhula mwingine akiwa anahudhuria na kufaulu, au atangoja kutimiza miaka 18, umri ambao sheria hii haimgusi tena.

West Virginia ndiyo iliyoanza, mwaka 1988. Kentucky ikafuata mwaka 1990, kisha majimbo mengine, kila moja na masharti yake. Florida inahesabu siku 15 za utoro ndani ya siku 90. North Carolina inataka mwanafunzi afaulu asilimia 70 ya masomo. Wamarekani wameizoea sheria hii kiasi kwamba wengi hawaijadili tena, na hilo ndilo linalonisukuma kuijadili.

Nimeuweka mjadala wenyewe Louisville, mji mkubwa kuliko yote Kentucky, kwa sababu huko sheria imekutana na watu wetu. Familia nyingi za Wakongo waliokaa miaka mingi katika kambi za wakimbizi, Nyarugusu ikiwa mojawapo, zimehamishiwa Louisville na Lexington, na leo Kiswahili ni miongoni mwa lugha kubwa za wanafunzi wa huko ambao nyumbani hawazungumzi Kiingereza. Sauti tatu zinazofuata nimezitunga mwenyewe, lakini hoja zao si za kutunga. Mwalimu alifundisha kambini, na sasa anafanya kazi ya kuwaunganisha wazazi na shule. Mama analea watoto wanne na anafanya kazi ya usiku kwenye ghala la vifurushi. Binti ndiye kifungua mimba wake, ana miaka 17, na ndiye anayeendesha gari la nyumbani. Mimi nitaingia kati kila panapohitaji maelezo, na msimamo wangu sitauficha.

MWALIMU: Nianze na ninachokiona, Mama. Kijana anafika miaka 16, anapata kazi ya jioni mgahawani. Pesa ya kwanza anaiweka, ananunua gari kuukuu. Akishalinunua, gari linataka bima, linataka mafuta, linataka matairi. Anaongeza saa za kazi ili alihudumie. Anarudi nyumbani saa tano usiku, na asubuhi ama hayuko darasani, ama yuko lakini kichwa kimelala juu ya dawati. Baada ya miezi miwili mitatu haji kabisa. Nikimpigia simu ananijibu, "Mwalimu, niko kazini." Huyo hakushindwa na hesabu. Gari ndilo lililomtoa shule, na sheria imeshika pale pale tatizo lilipoanzia.

MAMA: Huyo unayemsema yupo, sikatai, Mwalimu. Ila kwangu hayupo. Kwangu gari ni moja na watu ni watano. Mimi naingia kazini usiku, natoka alfajiri, narudi na mwenzangu wa kazini kwa gari lake. Nikifika macho hayafunguki. Unataka niwapakie watoto nikiwa hivyo? Anayewapeleka ni huyu. Anamshusha mdogo wake wa kiume shule moja, anamshusha wa pili shule nyingine, halafu ndipo anakwenda kwake. Jumamosi ananipeleka sokoni, Jumapili anatupeleka wote kanisani. Ukimnyima leseni mtoto huyu, umetufungia ndani watu watano.

MWALIMU: Kama anahudhuria na anafaulu, nani atamnyima?

MAMA: Ngoja nifike huko.

MWALIMU: Na mimi nimalizie langu. Sisi wazee tuliokulia kule tulikuwa na njia za kumrudisha mtoto. Mjomba alikuwa anamwita. Mchungaji alikuwa anamwita. Hapa mjomba yuko jimbo lingine, mchungaji anakuona Jumapili tu, na mtoto akikuambia "usinishike" huna la kufanya. Kitu kimoja tu kinachomtetemesha ni ile kadi yenye picha yake. Nimewaambia vijana wawili watatu kwamba siku zao zimefika saba, zikifika tisa leseni inakwenda, na kesho yake nimewaona darasani. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye.

Hoja hii ya Mwalimu ina nguvu kuliko wapinzani wa sheria wanavyopenda kukubali. Mwaka 2014 watafiti wawili wa uchumi, Rashmi Barua na Marian Vidal-Fernandez, walichapisha utafiti uliolinganisha majimbo yenye sheria hii na yasiyo nayo, na vijana waliopitia kabla na baada ya sheria kuanza. Walikuta kwamba uwezekano wa vijana wa kiume Weusi kumaliza sekondari uliongezeka kwa pointi kama 6 za asilimia. Walikuta pia kwamba utoro ulipungua, na kwamba muda ulioongezeka kwenye masomo ulitoka kwenye starehe na kwenye kazi za kulipwa. Hilo la kazi za kulipwa linamuunga mkono Mwalimu moja kwa moja. Kwa sera isiyomgharimu mlipa kodi chochote cha maana, hayo si matokeo madogo, na anayetaka sheria ifutwe lazima aseme vijana hao atawasaidiaje kwa njia nyingine.

Lakini tazama vizuri jinsi inavyofanya kazi pale inapofanya kazi. Wale vijana wa Mwalimu walirudi darasani wakiwa na leseni zao mfukoni. Kilichowarudisha ni onyo lililofika mapema, kwa lugha waliyoielewa, kutoka kwa mtu wanayemheshimu. Leseni ikishafutwa, onyo limekwisha kazi, na kilichobaki ni kijana aliye mbali na shule ambaye sasa hana hata chombo cha kumfikisha huko. Majimbo yametumia nguvu nyingi kwenye kufuta, na kidogo sana kwenye kuonya.

MAMA: Sasa nifike nilikosema. Unasema "siku tisa bila ruhusa." Nani anatoa hiyo ruhusa, Mwalimu? Ni karatasi. Mtoto akiumwa, mzazi anaandika barua, kwa Kiingereza, inapelekwa ofisini kabla siku kadhaa hazijapita. Jirani yangu aliyesoma akiandika, siku ya mwanawe inahesabiwa kuwa na sababu. Mimi nisipoandika, siku ya mwanangu inahesabiwa utoro. Wote wawili walikuwa na homa ile ile.

MWALIMU: Hapo una haki. Ndiyo maana nipo, niwasaidie kuandika.

MAMA: Wewe ni mmoja, na sisi tuko wangapi? Tena kuna siku ambazo hata barua haziponyi. Mama yangu mzazi anakwenda hospitali kwa ajili ya sukari. Mkalimani akipatikana ni sawa. Asipopatikana, wanatuwekea mtu kwenye simu anayezungumza Kiswahili ambacho bibi hakielewi, kwa sababu bibi anaelewa Kibembe zaidi. Basi ninamchukua huyu binti. Yeye anakaa katikati, anageuza maneno ya daktari, anashika karatasi ya dawa, anamwonyesha bibi yake sindano ya asubuhi na ya jioni. Anakosa siku nzima ya shule. Cheti cha daktari kinamtaja mgonjwa. Hakimtaji aliyemsaidia mgonjwa kusikia.

BINTI: Mwaka jana, katika muhula mmoja, siku hizo zilifika tano. Bado nne.

Nimezipiga hesabu hizo. Muhula wa shule una wiki kama 18, kwa hiyo siku 9 ni siku moja kila baada ya wiki mbili. Kwa kijana ambaye nyumbani kwake yeye ndiye mkalimani, ndiye dereva, na ndiye anayebaki na mdogo mwenye homa ili mzazi asipoteze shifti, siku moja kila wiki mbili haiko mbali hata kidogo. Sheria haiwezi kumwona kijana huyo. Kwenye daftari la mahudhurio anafanana kabisa na yule aliyekwenda kukaa kwenye maegesho ya duka na wenzake.

Kuna sharti jingine ndani ya sheria ya Kentucky ambalo watu wachache wanalijua, nami naliona kuwa ndilo baya kuliko yote: siku ambazo mwanafunzi amesimamishwa shule zinahesabiwa kuwa siku za kutohudhuria bila ruhusa. Shule yenyewe inamwambia kijana asikanyage kwa siku tano, kisha inamwandikia siku tano za utoro. Anayetetea sheria kwa jina la mahudhurio anapaswa kueleza jinsi mahudhurio yanavyopandishwa kwa kumfukuza mtu halafu kumwadhibu kwa kutokuwepo.

MWALIMU: Hilo la kusimamishwa mimi pia silitetei. Lakini Mama, sheria haina moyo wa jiwe kama unavyoiona. Kuna mlango wa kutokea. Barua ya kufuta leseni ikija, mzazi ana siku 15 za kuomba asikilizwe na hakimu wa mahakama ya wilaya. Hulipi ada ya mahakama. Hulazimiki kuwa na wakili. Ukimweleza hakimu kwamba familia itapata shida kubwa bila leseni ile, anaweza kuirudisha.

MAMA: Barua hiyo inakuja kwa lugha gani?

MWALIMU: Kwa Kiingereza.

MAMA: Na anayezisoma barua za nyumba hii ni nani?

BINTI: Ni mimi, Mwalimu. Na kama ni mimi niliyekosa shule, unadhani nitaisoma siku hiyo hiyo?

Swali la Binti linagusa jambo ambalo mahakama za Marekani zimelihangaikia kwa muda mrefu: lini mtu asikilizwe, kabla ya kunyang'anywa au baada? Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mchungaji mmoja wa Georgia, iitwayo Bell v. Burson. Mchungaji huyo alihudumia jumuiya tatu za vijijini, na bila gari asingeweza kuzifikia. Mtoto wa kike wa miaka 5 akiwa juu ya baiskeli aliligonga gari lake ubavuni. Mchungaji hakuwa na bima, na jimbo likataka kumfungia leseni asipoweka dhamana ya dola 5,000, bila kutaka kusikia kama kosa lilikuwa lake au la. Majaji walikataa. Walisema leseni ikishatolewa, inaweza kuwa ndiyo inayomwezesha mtu kupata riziki, kwa hiyo serikali haiwezi kuichukua bila kufuata utaratibu wa haki. Mwaka 1990, katika kesi ya Means v. Sidiropolis, mahakama ya juu ya West Virginia ilipeleka fikra hiyo hiyo kwa wanafunzi: kijana naye ana haki ya kusikilizwa.

Mchungaji yule alikuwa na jumuiya tatu za kufikia. Binti ana shule tatu za kufikia kila asubuhi. Sioni tofauti ya maana kati yao isipokuwa umri, na umri hauwapunguzii wadogo zake umbali.

MWALIMU: Ziko shule zenye mabasi. Hii si Nyarugusu, watoto hawatembei kilomita kumi. Mnayaona mabasi ya manjano kila kona. Leseni ikichukuliwa, apande basi kama wenzake.

MAMA: Mwalimu, wewe kweli wa kunitajia mabasi?

Hapa lazima niingie, kwa sababu jambo lenyewe lilitangazwa nchi nzima. Wilaya ya shule za umma ya kaunti ya Jefferson, ndiyo inayosimamia shule za Louisville, ina wanafunzi zaidi ya 90,000. Madereva wa mabasi walikuwa wamepungua kwa miaka kadhaa. Mwaka 2023 wilaya ilipanga upya njia za mabasi kwa kutumia programu ya kompyuta na kubadilisha saa za kuanza masomo, ili madereva waliokuwepo watoshe. Siku ya kwanza ya shule, tarehe 9 Agosti, mpango ulianguka. Watoto wadogo walikaa ndani ya mabasi kwa saa nyingi, wazazi walipiga simu bila majibu, na wa mwisho walifika nyumbani ikikaribia saa nne usiku. Shule zikafungwa kwa zaidi ya wiki. Masika yaliyofuata, mwezi Aprili 2024, bodi ya shule ilipiga kura ya kuondoa mabasi kwa nyingi ya zile shule maalumu ambazo wanafunzi huzichagua kutoka pande zote za mji, kuanzia mwaka wa masomo wa 2024-2025.

Shule hizo zilianzishwa kwa sehemu ili watoto wa mitaa maskini, hasa mitaa ya magharibi wanakoishi Weusi wengi, wapate masomo ambayo shule ya mtaani kwao haina. Basi lilipoondoka, familia yenye gari la pili na mzazi mwenye ratiba nyepesi ilibaki katika shule hizo. Familia nyingine zikabaki na kijana wa miaka 16 au 17 mwenye leseni, kama anayo.

Yaweke mambo hayo mawili pamoja. Jimbo linamwambia kijana: usipofika shule siku 9, nitakuondolea uwezo wa kuendesha. Wilaya ndani ya jimbo hilo hilo inamwambia: ukitaka kufika shule, tafuta usafiri wako. Atakayepigwa na kauli zote mbili kwa pamoja ni mtoto wa nyumba yenye gari moja. Hapa ndipo ninaposimama, na siogopi kusema kwamba ndiyo hoja yangu kuu: serikali haina haki ya kuufanya usafiri kuwa adhabu ya utoro pale ambapo yenyewe haijamhakikishia mtoto usafiri wa kwenda shule.

Na Kentucky ilikwisha kuonywa juu ya jambo la jamii hiyo. Sheria yake ya kwanza ilitumika tu katika wilaya zilizokuwa na mpango mbadala wa masomo kwa wanafunzi walioshindwa darasa la kawaida. Kijana wa wilaya moja akafutiwa leseni, mwenzake wa wilaya jirani aliye na rekodi ile ile akaendelea kuendesha. Mwaka 2003, katika kesi ya D.F. v. Codell, mahakama ya juu ya Kentucky ilisema hiyo inavunja haki ya kutendewa sawa mbele ya sheria, na sheria ikaanguka. Mwaka 2007 jimbo liliirudisha, safari hii kwa wilaya zote. Kwenye karatasi vijana wote sasa wako sawa. Anayepandishwa basi mlangoni na asiyekuwa na basi kabisa wanahesabiwa siku zile zile tisa.

MWALIMU: Basi tuseme hivi. Hoja ya mahudhurio mmenitikisa. Na ya alama je? Masomo manne tu! Mtoto asiyefaulu hata manne katika muhula, anafanya nini na usukani? Udereva unataka akili iliyotulia. Ajali ni miongoni mwa mambo yanayoua vijana wengi nchi hii.

BINTI: Naomba nijibu hiyo mimi, Mwalimu. Nilipofika hapa nilikuwa na miaka 14. Waliniingiza darasa la umri wangu. Nilijua mlinganyo wa hesabu, nilijua sehemu za ua, lakini swali lenyewe sikulielewa. Muhula wa kwanza nilifaulu matatu: hesabu, sanaa na michezo. Kama ningekuwa na miaka 16 siku hiyo, ningekuwa "nimepungukiwa kimasomo." Mjomba wangu alikuja akiwa na miaka 17. Alikuwa ameendesha pikipiki toka Uvira hadi Baraka na kurudi, mara nyingi tu, barabara unayoijua wewe. Hapa aliambiwa hafai kushika usukani kwa sababu hajafaulu historia ya Marekani.

MWALIMU: Pikipiki ya Baraka haina uhusiano na barabara kuu ya hapa.

BINTI: Na historia ya Marekani je? Ina uhusiano?

MAMA: Jibu, Mwalimu.

MWALIMU: Haina. Lakini bidii ina uhusiano. Anayejituma darasani anajituma na barabarani.

BINTI: Mimi nilijituma kuliko walionizidi. Alama hazikuonyesha.

Katika hili niko na Binti. Kama ni usalama unaotafutwa, zipo sheria zinazoulenga wenyewe. Kentucky inamtaka dereva kijana afanye mazoezi ya saa 60 na mtu mzima, 10 kati yake usiku, na inamzuia kuendesha kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi bila sababu ya msingi. Hizo zinahusu gari. Alama za historia na kemia hazisemi lolote juu ya breki, na kuziingiza ni kumwongezea adhabu mtoto ambaye tayari ameadhibiwa na alama zenyewe. Mtu anaweza kuchagua kuhudhuria. Kufaulu hakuko mikononi mwa mtu kwa namna hiyo, sembuse kwa mtoto anayesomea lugha aliyoikuta juzi.

Tena tujiulize fimbo hii inamfikia nani leo. Mwaka 1983 karibu nusu ya Wamarekani wa miaka 16 walikuwa na leseni. Kufikia mwaka 2014 walikuwa wamebaki kama robo. Vijana wengi wa mjini hawaitaki tena kama walivyoitaka baba zao, wana simu, wana teksi za kuitwa kwa simu, wana wazazi wa kuwapeleka. Huwezi kumtisha mtu kwa kumnyang'anya asichokitaka. Kadiri miaka inavyokwenda, tishio linabaki na uzito kwa wale tu ambao kuendesha kwao ni lazima: wa vijijini, wa familia kubwa, wa kazi za jioni zinazolipa kodi ya nyumba.

Na sababu ya kwanza ya sheria nayo imepungua. Ilipotungwa, kijana wa Kentucky aliweza kuacha shule kihalali akiwa na miaka 16, na leseni ilikuwa kamba ya kumshikia. Mwaka 2013 jimbo lilipitisha sheria iliyoruhusu wilaya kupandisha umri huo hadi miaka 18, na wilaya zikakimbilia kuikubali. Kijana wa leo halazimiki kushikwa kwa leseni ili asiache shule. Tayari haruhusiwi kuiacha.

MWALIMU: Nyinyi wawili na huyu mwandishi mmenibana. Lakini sitasema ifutwe. Nikisema ifutwe, kesho nitamwambia nini yule wa mgahawani? Nitamshika kwa kitu gani?

MAMA: Mshike kwa simu ile ile uliyompigia. Uliniambia walirudi ulipowaambia siku saba.

MWALIMU: Walirudi kwa sababu ya siku tisa zilizokuwa mbele yao.

MAMA: Sawa. Basi ziache tisa zako. Mimi nataka vitu vinavyokuja kabla ya tisa. Siku ya tano nipigiwe simu, na anayepiga azungumze lugha yangu, si mtoto wangu anipe habari zake mwenyewe. Siku ya sita mtu aniulize kwa nini, na nikisema hospitali na bibi yake, iandikwe hospitali na bibi yake. Kama shule yake haina basi, leseni isiguswe kabisa. Na hakimu anisikilize kabla, si baada ya siku kumi na tano za kutafuta mtu wa kunisomea barua.

MWALIMU: Na siku za kusimamishwa zitoke kwenye hesabu.

MAMA: Zitoke.

BINTI: Na alama?

MWALIMU: Alama zibaki. Masomo manne si mzigo.

BINTI: Kwa mwenye Kiingereza.

MWALIMU: Tuseme mgeni apewe miaka miwili ya kwanza bila kuhesabiwa. Hapo utaniachia?

BINTI: Hapana, Mwalimu. Hata baada ya miaka miwili. Na aliyezaliwa hapa akafeli kemia, naye ana wadogo wa kuwapeleka.

Hawakukubaliana juu ya alama, na mimi sitawapatanisha, kwa sababu Binti ana haki na Mwalimu hajapata jibu. Kwa yale mengine, sehemu kubwa haihitaji bunge la jimbo. Simu ya siku ya tano kwa Kiswahili, kumbukumbu ya kijana anayewakalimania wazazi wake hospitalini, na barua ya kufutiwa leseni iliyotafsiriwa kabla haijatumwa, yote hayo wilaya ya shule na ofisi za jimbo zinaweza kuyaanza bila kubadilisha neno moja la sheria. Kusikilizwa kabla ya leseni kufutwa, kinga kwa mwanafunzi ambaye shule yake haina basi, na kuondoa siku za kusimamishwa kwenye hesabu ni kazi ya wabunge huko Frankfort, makao makuu ya jimbo. Vikao vya bodi ya shule viko wazi kwa mzazi yeyote anayetaka kuzungumza, na Mwalimu amekwisha kumwambia Mama kwamba jina lake liandikishwe mapema, na kwamba yeye atakaa kando yake kumkalimania, Binti akiwa darasani.